Shangazi, daktari kasema hakuna dawa, mume wangu kapata matone

Shikamoo Shangazi,

Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka minne na miezi minne, mdogo ana miezi kumi. Barua hii ni ya mkubwa, ingawa mdogo naye ameingia humo kama utakavyoona.

Mkubwa alikuwa akisema. Alipofika mwaka na nusu alikuwa na maneno kama manane: baba, maji, nyanya, paka, na mengine aliyoyajua mwenyewe. Alipokaribia miaka miwili yakapukutika moja baada ya jingine, na mimi nikadhani ni kwa sababu tumehama nyumba. Sasa ukimwita hageuki. Hupanga vifuniko vya soda kwenye ukingo wa baraza tangu asubuhi, na ukigusa kimoja ni kilio cha saa nzima. Mwezi wa Februari tulimpeleka kwa daktari wa watoto. Alimtazama, akatuuliza maswali kwa dakika kama ishirini, akaandika "usonji" (autism), akatwambia: hakuna dawa, mkubalini alivyo. Kisha akaita mgonjwa mwingine. Mume wangu hakutamka neno kutoka pale hospitalini hadi tulipofika feri.

Tangu siku hiyo kila mtu nyumbani ana tiba yake. Mamamkwe anasema mtoto kaingiliwa, na ametuletea maalim anayemsomea kila Ijumaa na kumwandikia kombe la kunywa. Shemeji yangu aliye Muscat yuko tayari kutuchangia safari ya India, kuna kliniki inayodunga seli shina, zile chembe changa za mwili zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine. Mume wangu naye amempata mtu mtandaoni anayejiita mtaalamu wa lishe. Alitaka unywele wa mtoto, tukautuma, karatasi ikarudi na mistari myekundu: zebaki, risasi, aluminiamu, eti zimetokana na chanjo. Anauza matone ya kuyatoa madini hayo, dozi ya miezi mitatu Sh85,000, na anasema tuanze sasa kwani mtoto akitimiza miaka mitano dirisha linafungwa. Kwa hilo la chanjo, mume wangu amekataza mdogo asidungwe ile ya surua ya miezi tisa. Mwezi mzima umepita.

Mimi nami nina langu, nisijifanye mjuzi wa kuwacheka wengine. Mwezi wa Novemba mama mmoja aliniambia nimkatie mtoto ngano na maziwa, nikamkatia. Wallahi Shangazi, wiki ya tatu alisema "maji". Sikuota. Mpwa wangu alisikia pia, binti wa dada yangu wa miaka kumi na miwili aliyekuja kwetu shule zilipofungwa na ambaye habanduki kwa mtoto. Yeye ndiye aliyekuja mbio kuniita jikoni. Siku hizi mtoto humshika mkono akamvuta mpaka kwenye mtungi. Nilipomweleza daktari habari ya chakula, alicheka. Unga usio na ngano naununua dukani Nyali, bei yake naona haya kuitaja.

Akiba yetu ni Sh140,000. Tuliwahi kuambiwa kuna mtaalamu wa usemi, Sh2,500 kwa kipindi, tukaona ni kucheza na mtoto tu, kwa nini tulipe. Mume wangu anasema daktari aliyekata tamaa hana haki ya kutuzuia kujaribu. Nashindwa kumjibu, kwa sababu mimi pia nimejaribu, na nimeona. Tumsikilize nani?

Mama wa Vifuniko, Likoni

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na huyo daktari. Alisema kweli, lakini akaisema nusu. Ni kweli kwamba hakuna kidonge, tone, sindano wala chakula kinachouondoa usonji. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyojengeka tangu tumboni, na sehemu kubwa yake ni urithi. Dawa mbili zilizoidhinishwa Marekani kwa watoto hawa, risperidone mwaka 2006 na aripiprazole mwaka 2009, hutuliza ghadhabu na kujiumiza, haziugusi usonji wenyewe. Nusu aliyoiacha ni hii: mzazi akiamka kesho yake afanye nini? Dakika ishirini, neno moja zito, kisha mgonjwa mwingine. Aliuacha mlango wazi, na wauzaji hawapigi hodi.

Kwa hiyo mimi sitakucheka, wala sitamcheka baba yake. Nakumbuka mwaka 2011 watu wa hapa kwetu walivyopanda mabasi kwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa Mchungaji Ambilikile Masapila, kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500 za Tanzania. Hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wameambiwa hospitalini "utaishi na hili" bila kuelezwa wataishi nalo vipi. Kikombe chenyewe kilikuwa bei ya andazi. Walioumia zaidi ni wale walioacha dawa zao za ukimwi au kisukari wakijiona wamepona. Shika hapo, maana ndipo ninapopimia kila tiba wanayoniandikia watu: kinanipa shaka kile ambacho mtoto atanyang'anywa ili tiba hiyo ipate nafasi, kuliko hata tiba yenyewe. Kwenu tayari kuna mtoto mmoja aliyenyang'anywa chanjo, na mwingine anayekaribia kunyang'anywa pesa za kufundishwa kusema.

Matone msinunue. Hapo sina mzunguko.

Dawa za kutoa risasi mwilini zipo kweli, na sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kusimuliwa risasi ni nini. Owino Uhuru iko ng'ambo tu ya maji kutoka kwenu, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu kijiji kizima mpaka kikafungwa mwaka 2014, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Lakini risasi hupimwa kwa damu. Karatasi ya unywele yenye mistari myekundu haimtambulishi mtoto mwenye sumu, na ningependa kuiona ya mtoto yeyote iliyowahi kurudi bila mistari. Kama mliwahi kuishi karibu na wanaoyeyusha betri, ombeni kipimo cha damu. Kikionyesha risasi, atatibiwa hospitalini chini ya macho ya daktari, kwa sababu dawa hizo zikiingia mwilini huvuta na madini mema. Agosti 2005, huko Pennsylvania, mtoto wa kiume wa miaka 5 mwenye usonji alidungwa dawa ya aina hiyo iitwayo EDTA ili kumtoa "sumu". Kalsiamu ya damu yake ikashuka, moyo ukasimama, akafa. Mwaka 2008 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili ilikuwa imepanga kuzijaribu dawa hizi kwa watoto wenye usonji, ikauvunja mpango huo: hatari ilikuwa kubwa na faida haikuonekana.

Hayo ni ya matone yaliyo kweli vile yanavyosemwa. Yapo mengine yanayouzwa kwa jina la muujiza ambayo ndani ni klorini dioksidi, dawa ya kupaushia, ndugu wa ile unayolowekea mashuka. Mwaka 2019 yalikutwa yakigawiwa kwa wingi Uganda. Ukifungua chupa ikakupiga harufu kama ya bwawa la kuogelea, usiionje hata kwa ncha ya ulimi.

Mwambie mume wako amuulize muuzaji swali moja tu: ni kitu gani kitakachotuonyesha kwamba haifanyi kazi, na tutakijua lini? Atakavyojibu naweza kukuandikia sasa hivi. Mtoto akitulia, matone yamefanya kazi. Akizidi kulia na kuharisha, ni sumu zinatoka, ongezeni dozi. Biashara isiyoweza kupata hasara.

Na dirisha la miaka mitano? Kuanza mapema ni bora, sibishi. Lakini hakuna mlango unaojifunga siku ya kuzaliwa kwake. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watoto 535 wenye usonji ambao, kama wako, walifika miaka minne bila kuunganisha maneno. Walipofika miaka minane na zaidi, asilimia 70 walikuwa wakisema vifungu vya maneno, na asilimia 47 wakizungumza kwa ufasaha. Sikuahidi kwamba wako atakuwa miongoni mwao. Nakuonyesha tu kwamba anayekuharakisha anaharakisha pochi.

Sasa lako, la ngano na maziwa, ambalo ndilo gumu kwa sababu umeona kwa macho yako.

Nikupe kisa cha sekretini. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu watoto watatu wenye usonji waliodungwa homoni hiyo kwa ajili ya kipimo cha tumbo, na baada yake wakaanza kuwatazama watu machoni na kutamka maneno. Habari ikafika kwenye televisheni, wazazi wakaitafuta kwa bei yoyote. Mwaka uliofuata ikajaribiwa kwa haki. Walichukuliwa watoto 60, nusu wakadungwa sekretini na nusu maji ya chumvi, na si wazazi wala wapimaji walioambiwa nani kapata nini. Baada ya wiki nne watoto wa sekretini walikuwa wamepiga hatua. Wa maji ya chumvi nao vilevile. Hapakuwa na tofauti. Lakini kinachoniliza mimi katika kisa hiki ni cha mwisho: wazazi walipoelezwa matokeo hayo, asilimia 69 walisema bado wangependa mtoto wao apate sekretini.

Hawakuwa waongo. Walikuwa wameona kweli mtoto amebadilika. Mtoto mwenye usonji ni mtoto anayekua, ana wiki zake za kulala na wiki zake za kuchanua, na mara nyingi sisi huanza tiba mpya pale hali inapokuwa mbaya kabisa, pakiwa hapana pengine pa kwenda ila juu. Halafu mzazi mwenye tumaini jipya hubadilika pia. Humtazama mtoto zaidi, humngojea. Anayengojewa hupata nafasi ya kusema.

Rudi kwenye barua yako uisome kama ya jirani. Mwezi wa Novemba vitu viwili viliingia nyumbani kwako pamoja: ngano ilitoka, na mpwa wako akaja. Msichana wa miaka kumi na miwili asiye na karatasi ya daktari kichwani, anayekaa na mtoto kutwa barazani. Mtoto alisema "maji" akiwa na nani? Humshika nani mkono kumpeleka mtungini? Inawezekana ni chakula, sijui kilichokuwa tumboni mwake. Watoto wengi wenye usonji hufunga choo au huumwa tumbo, na mtoto asiyeumwa hulia kidogo na hujifunza zaidi. Ila majaribio ya kukata ngano na maziwa yaliyofanywa hadi leo ni madogo, na hayajaonyesha kwamba yanaubadilisha usonji wenyewe. Hata hivyo daktari kukucheka alikosea. Angekuuliza choo chake kikoje, uzito wake umebaki au umeshuka, na kalsiamu anaipata wapi bila maziwa. (Jibu langu ni dagaa wanaotafunwa pamoja na miiba yao.)

Ukitaka kujua, ijaribu nyumbani kwa namna ile ya sekretini. Kama ngano haijawahi kumtoa vipele wala kumvimbisha, mtilie kwa wiki mbili kwenye uji, halafu wiki mbili uji mtupu wa ulezi, wewe peke yako ukijua ipi ni ipi. Mamamkwe na mpwa wako, pasipo kuambiwa, waandike kila jioni: kasema neno gani, kalia mara ngapi, kalala saa ngapi, choo kikoje. Mwisho zitandaze karatasi mezani. Kama tofauti ipo, itaonekana bila kutafutwa, nami nitavua kilemba. Ukiamua kuendelea kumkatia, acha huo unga wa Nyali. Wewe ni mtu wa pwani, una mkate wa kumimina, una vibibi, una vitumbua, una muhogo wa nazi. Bibi zetu walipika hivyo bila ngano kabla duka hilo halijajengwa.

La chanjo nitalisema kwa ufupi, ingawa ndilo linaloninyima usingizi. Hofu hiyo ilienea kutokana na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998 katika jarida la tiba la The Lancet, yenye watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Mwaka 2010 jarida liliifuta, na mwaka huohuo Uingereza ikamwondoa Wakefield katika orodha ya madaktari. Wadenmaki walifuatilia watoto 657,461, wakachapisha mwaka 2019: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Na zebaki anayoitaja muuzaji wenu haimo kwenye chanjo ya surua na rubela, wala haijawahi kuwamo. Chanjo huja katika umri uleule ambao maneno hutarajiwa kuongezeka, kwa hiyo mzazi anayeyaona yakipotea hukumbuka sindano ya jana. Wewe ulikumbuka kuhama nyumba.

India: mwambie shemeji Allah amlipe kheri, na asitume. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliwapa watoto 180 wenye usonji damu ya kitovu yenye seli hizo au maji ya bandia, matokeo yakatoka mwaka 2020, na katika kipimo kikuu walichojiwekea hapakuwa na tofauti ya maana. Mwongozo wa taifa wa India kwenyewe wa mwaka 2017 unaruhusu matibabu ya seli shina kwa maradhi ya damu na mengine machache, yaliyobaki ni ya utafiti uliosajiliwa. Utafiti haumtozi mgonjwa. Wanaokutoza wanafanya biashara.

Kwa maalim mimi sioni ugomvi. Kisomo hakijamdhuru mtoto, na mamamkwe anahitaji kuwa na mchango. Muulize tu kwa adabu kombe limeandikwa kwa wino gani, maana zafarani ni jambo moja na rangi za dukani ni jambo jingine. Pasiwe na moshi wa kumfukiza, wala kumbana, wala kumchapa ili "atoke". Na kama kuna nyakati mtoto huduwaa akikodoa macho, haitikii hata akiguswa, halafu anarudi, hicho huenda ni kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine, na kina dawa. Hapo hospitali itangulie Ijumaa.

Sasa ile nusu iliyoachwa. Kwanza apimwe masikio. Umesema ukimwita hageuki, na sijaona katika barua yako kwamba kuna aliyempima. Kisha mpeleke kwenye kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vile vilivyo chini ya Wizara ya Elimu tangu mwaka 1984, wamwandikie anachokiweza na shule inayomfaa. Halafu huyo mtaalamu wa usemi. Sh140,000 ni vipindi 56. Usivimalize kwa wiki hadi wiki, nenda kila baada ya wiki mbili, na usikae nje ukingoja. Kaa ndani, mwambie akufundishe wewe. Hata mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi, yaliyofanyiwa utafiti Ethiopia na hapa Kenya, ni vikao tisa na ziara tatu za nyumbani, na mwanafunzi wake ni mzazi. Ni kucheza na mtoto tu, ndiyo. Kucheza kuna fundi wake.

Anza na vifuniko. Kaa chini ukingoni mwa baraza, usivipange wala kuvipangua. Shika kimoja anachokihitaji, kinyanyue karibu na uso wako, sema "kifuniko", ngoja. Akikutazama hata kwa kupepesa, mpe papo hapo. Kesho tena. Mchoree picha ya kikombe cha maji, ibandike kwenye mtungi, ajifunze kukuonyesha pale neno linapomgomea.

Baba aliyenyamaza kutoka hospitalini hadi feri anatafuta kazi ya kufanya. Mpe hii ya vifuniko, dakika kumi na tano kila jioni, isiwe yako. Na kabla mpwa wako hajarudi shule Januari, mfuate siku moja na daftari uandike anachokifanya pale barazani, maana amefaulu na hakuna aliyemuuliza vipi.

Mdogo mpeleke kliniki kesho na kadi yake. Mwezi mmoja wa kuchelewa si neno, watamdunga tu. Nenda baada ya saa nne, foleni huwa imepungua.